Uzi maalum: Jina la kisiwa cha Delos, kutoka kwa Homer hadi kesi ya Apuleius

MsomaKale (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa majina ya visiwa kuna mdau aliandika kwa kujiamini kwamba Delos ya Ugiriki iliitwa hivyo "kwa sababu kilikuwa kisiwa kinachoelea, baadaye kikasimama kikaonekana". Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko mada, nikaona bora nilifungulie uzi wake. Mods naomba msiuunganishe.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wenye haraka waondoke nayo: mimi naona jina lilikuwepo kwanza, halafu hadithi ya kuelea ikatungwa ili kulieleza. Washairi walirithi jina ambalo kwenye sikio la Mgiriki linalingana na neno *delos*, yaani kilicho wazi, kinachoonekana. Ukipewa jina la namna hiyo lazima mtu aulize: kwani lini hakikuonekana? Wakaanza kujibu, kila mmoja na jibu lake.

Kisiwa chenyewe ni kidogo mno. Kiko katikati ya visiwa vya Cyclades, jirani kabisa na Mykonos ya watalii. Urefu kama kilomita 5, eneo halifiki kilomita za mraba 4. "Mlima" wake, Cynthus, una mita 112. Hapo ndipo Wagiriki waliamini Leto alimzalia Zeus mtoto wa kiume, Apollo.

Andiko la zamani linalosimulia uzazi huo ni ule wimbo wa sifa kwa Apollo uliomo kwenye mkusanyo unaobeba jina la Homer, mshairi mkuu wa kale wa Kigiriki. Wasomi wa leo hawakubali kwamba ni wa Homer, ila mwanahistoria Thucydides aliunukuu kama wa Homer bila wasiwasi. Leto ana mimba, anazunguka visiwa na milima akiomba mahali pa kujifungulia. Wote wanaogopa. Anafika Delos, na hapa kisiwa kinajibu kwa mdomo wake. Kinasema: mama, mimi ningefurahi, maana sifa zangu kwa watu ni mbaya. Ila nimesikia huyo mtoto atakuwa na kiburi kikubwa. Naogopa siku akiliona jua ataniona mimi ni mwamba tu, atanikanyaga anitose baharini, aende kujenga hekalu kwingine, na mimi nibaki makazi ya pweza na sili weusi.

Niliposoma pale pa pweza nilicheka peke yangu. Maskini anajua thamani yake, kwa hiyo anadai mkataba kwanza. Leto anaapa kwa mto Styx, kiapo kizito kuliko vyote kwa miungu, kwamba hekalu litajengwa hapohapo. Ndipo uchungu unaanza, siku tisa usiku na mchana, kwa sababu Hera, mke wa Zeus, amemzuia mungu wa kike wa uzazi, Eileithyia, asijue kinachoendelea. Miungu wengine wanamtuma mjumbe wao, Iris, akamwite kwa siri, na ahadi ya mkufu wa dhahabu wa dhiraa tisa. (Naam, hata huko bila kitu kidogo mambo hayaendi.) Leto anaukumbatia mtende, anapiga magoti, mtoto anatoka.

Sasa rudieni kusoma. Ni wapi wimbo huu umesema kisiwa kinaelea? Hakuna. Kimetulia mahali pake tangu mstari wa kwanza. Hofu ya kutoswa ipo, kuelea hakupo.

Naenda kunywa chai, nakuja na sehemu ya pili.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu, usiwadharau wazee. Huko Aegean visiwa vinachomoza kweli kutoka baharini, kuna volkano. Huenda "kikaonekana" ni kumbukumbu ya tukio halisi lililopambwa na washairi.

---

MsomaKale

Nahodha, swali zuri, na Aristotle angekuunga mkono. Pliny, mwandishi Mroma wa karne ya 1 BK, anaandika kwamba kwa mujibu wa Aristotle kisiwa kiliitwa Delos kwa vile kilitokeza ghafla. Na visiwa kutokeza waliviona kwa macho: mwaka 197 KK, kati ya Thera na Therasia (Santorini ya leo), bahari ilichemka na kutoa moto, kikazaliwa kisiwa kipya wakakiita Hiera. Strabo, mwanajiografia wa kale, amelieleza tukio hilo.

Lakini Delos yenyewe ni mawe ya matale na miamba mingine ya kale. Haijamwagwa na volkano juzi ikakutwa na binadamu. Wasimulizi walikuwa na mfano wa Thera jirani, wakauvika jina la Delos.

Sehemu ya pili.

Anayeanza kuelea kwa uhakika ni kisiwa cha mshairi Pindar, karne ya 5 KK. Shairi lake hilo limebaki vipande viwili tu. Kwenye kimoja anasema zamani kisiwa kilichukuliwa na mawimbi na pepo za kila namna, lakini Leto alipokikanyaga akiwa na uchungu, nguzo nne zilisimama wima kutoka kwenye mizizi ya ardhi zikakibeba mwamba juu ya vichwa vyao.

Kipande cha pili ndicho kilichonifanya niipende mada hii. Pindar anakisalimia kisiwa, binti wa bahari, kisha anasema wanadamu wanakiita Delos (yeye kwa lahaja yake anatamka Dalos), lakini wenye heri wa Olympus wanakiita *nyota ya ardhi yenye giza, ionekanayo kutoka mbali*.

Jiweke walipo miungu. Wako juu, wanatazama chini. Sisi tukiinua macho usiku tunaona anga jeusi na nyota. Wao wakiinamisha macho wanaona dunia yenye giza, na katikati yake kinachometameta ni hicho kisiwa. Jina la wanadamu linasema "inayoonekana", jina la miungu linasema inaonekana na nani, na kutoka wapi. Na neno *astron*, nyota, halikuwekwa bure, maana kisiwa kilikuwa na jina jingine la zamani: Asteria. Huyo alikuwa dada yake Leto. Zeus alimtaka, akakataa, akajirusha baharini. Kwa hiyo mstari mmoja wa Pindar umebeba majina mawili na ukoo mzima. Kwangu mimi hakuna aliyemfikia, hata hao waliokuja na wino mwingi zaidi.

Mwenye wino mwingi ni Callimachus. Mtu wa Cyrene, Libya ya leo, akifanya kazi Alexandria ya Misri karne ya 3 KK chini ya wafalme akina Ptolemy, na ndiye aliyeandika orodha kubwa ya waandishi na vitabu vya Kigiriki, juzuu 120. Huyu kazi yake ilikuwa vitabu, na ukimsoma unaona amesoma kila kitu. Wimbo wake kwa Delos unaanza kwa kukisifu kisiwa kwa kashfa: kina upepo, hakilimiki, kinapigwa na bahari, ni uwanja wa shakwe kuliko farasi.

Kwake kisiwa ni Asteria, aliyeruka kutoka mbinguni kama nyota. Hakina nanga. Mabaharia wakitoka Troezen kwenda Korintho walikiona kwenye Ghuba ya Saroni, wakirudi hawakikuti. Leto anapotafuta mahali, safari hii nchi hazikatai kwa maneno, zinakimbia! Arkadia inakimbia, Thebe inakimbia, mito inakimbia. Anapokaribia kisiwa cha Kos, mtoto anaongea kutoka tumboni: mama, usinizalie hapa, sikidharau kisiwa hiki, ila kimeshapangiwa mungu mwingine. "Mungu" huyo ni Ptolemy wa Pili, mwajiri wa mshairi, aliyezaliwa Kos. Chawa hawakuanza leo.

Mwisho Asteria mwenyewe anamwita Leto, haogopi hasira za Hera. Na hapo ndipo Callimachus anapofunga hesabu ya jina: mabaharia walikubadilishia jina wakakuita Delos kwa kuwa hukuelea tena *adelos*, usiyeonekana, bali ulishusha mizizi ya miguu yako katika mawimbi ya Aegean. Hiyo "a" ya mbele kwa Kigiriki ni ya kukanusha. Sasa hadithi na jina vimekaa sawa kama kufuli na ufunguo, na ndiyo maana naona mkono wa fundi hapo. Ukipanga kwa tarehe, kila mshairi anayefuata anaongeza kuelea zaidi, na kila mara kwa msaada wa jina.

---

Mhenga Mdogo

Mkuu nondo hizi nazihifadhi. Ila kuna kitu umekiruka. Nimewahi kusoma kwamba Delos iliitwa pia Ortygia, na mimi Ortygia ninayoijua iko Sicily, mji wa Syracuse. Imekaaje?

---

MsomaKale

Hapo umeingia kwenye kichaka, Mhenga.

*Ortyx* ni kware. Ortygia ni kama kusema Mahali pa Kware. Kuna simulizi kwamba Asteria aligeuka kware alipomkimbia Zeus, na kware wanaohama huvuka bahari ile wakitua visiwani, kwa hiyo jina lingeweza kuota popote ndege walipotua. Likaota.

Kwenye Odyssey, utenzi wa Homer, Ortygia inatajwa mara mbili na haisemwi ni wapi. Kwenye ule wimbo wa sifa kwa Apollo, Leto anamzaa Artemis, dada yake Apollo, *Ortygia* na Apollo *Delos*: mahali pawili tofauti. Baadaye waandishi wakaviunganisha vikawa kisiwa kimoja chenye majina mawili. Ile ya Sicily Pindar anaiita dada yake Delos, akatatua ugomvi kwa undugu.

Lakini watu wa Efeso hawakutaka undugu. Nao walikuwa na msitu wao uitwao Ortygia. Mwaka 22 BK, enzi za Kaisari Tiberio, Baraza la Seneti huko Roma lilikuwa likikagua miji iliyodai haki ya mahekalu yao kuwahifadhi wanaokimbilia humo. Mwanahistoria Tacitus anasema Waefeso walisikilizwa wa kwanza, na hoja yao ilikuwa: Artemis na Apollo hawakuzaliwa Delos kama watu wa kawaida wanavyodhani. Walizaliwa kwetu, Ortygia, na mti alioushika mama yao ni mzeituni, bado upo. Mtende wa Delos ukapata mshindani mahakamani.

---

Katekista Mstaafu

Waefeso hao hao wa Matendo ya Mitume 19, waliopiga kelele saa mbili nzima "Artemi wa Waefeso ni mkuu". Sasa nimeelewa kwa nini walikuwa wakali hivyo.

Niongeze kidogo. Wengi humu kisiwa cha Ugiriki wanachokijua ni Patmo cha Ufunuo. Kwa sisi Wakatoliki Delos nayo imo kwenye Biblia: Wamakabayo wa Kwanza 15:23, kwenye orodha ya mahali palipopelekewa nakala ya barua ya Waroma kuhusu Wayahudi. Imetajwa na Samosi, Rodo, Kosi, Kipro na Kirene.

---

MsomaKale

Asante sana Katekista, hiyo ni nyongeza ya maana. Na inaendana na kilichofukuliwa: pale Delos yamepatikana maandishi mawili ya Kigiriki ya Wasamaria wanaojiita Waisraeli wa Delos, wanaopeleka sadaka zao Mlima Gerizimu. Bandari ilikuwa ya kimataifa. Kuanzia karibu mwaka 166 KK Waroma waliifanya isitozwe ushuru, na biashara yake kuu ikawa watu. Strabo anasema iliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja.

---

Chokaa

Uzi mrefu kama treni ya mizigo lakini nimesoma wote. Kichwa kinasema Apuleius, mbona simuoni? Na Waroma wao walilifanyaje hilo jina?

---

MsomaKale

Chokaa punguza presha, namleta.

Waroma walilichukua jina zima-zima. Delos kwa Kilatini ni Delos, wakaongeza vivumishi vyao: shaba nyeusi bora waliiita ya Delos, Cicero anataja vyombo vya Delos kama mali ya kifahari.

Mshairi Virgil alifanya jambo la ajabu. Kitabu cha tatu cha Aeneid, Aeneas, shujaa aliyekimbia Troy, anatua Delos, na mshairi anakieleza kisiwa kwa kirefu: ardhi takatifu katikati ya bahari, iliyokuwa ikitangatanga pwani baada ya pwani, hadi yule mwenye upinde (Apollo) alipoifunga kwenye Mykonos na Gyaros akaifanya isitikisike na kudharau pepo. Kwenye maelezo yote hayo jina Delos halimo. Wanapong'oa nanga anasema tu "tunaiacha bandari ya Ortygia". Kisiwa kinachoitwa Kinachoonekana, Virgil amekificha. Siamini alisahau.

Pliny yeye ni mtu wa orodha: Cynthia, Ortygia, Asteria, Lagia, Chlamydia, Cynethus, Pyrpile. La mwisho ni kwa sababu eti moto uligunduliwa hapo kwanza. Askofu Isidore wa Seville, karne ya 7 BK, ana maelezo mengine kabisa: baada ya gharika ya wakati wa mfalme Ogygus, Delos ndiyo ilimulikwa na jua kabla ya nchi nyingine. Mnaona mchezo ulivyo? Jina halibadiliki, sababu zinabadilika kila karne. Hiyo tu ingetosha kumjibu yule mdau.

Sasa Apuleius. Mwandishi, Mwafrika wa Madauros, Algeria ya leo. Karibu mwaka 158 BK alishtakiwa Sabratha, Libya, kwamba amemroga mjane tajiri ili amuoe. Miongoni mwa ushahidi dhidi yake ni mashairi ya mapenzi aliyoandika akiwapa wapenzi wake majina ya bandia. Akajitetea: kama hilo ni kosa, washtakini na washairi wakubwa. Tibullus alimwandika Delia, moyoni akiwa na Plania. Propertius alimwandika Cynthia, akimficha Hostia.

Plania linatokana na *planus*, bapa, wazi. Delia ni la Delos, wazi. Tibullus alichukua jina la mpenzi wake la Kilatini akalivusha hadi Kigiriki, likatua kwenye kisiwa cha Apollo, mungu wa mashairi. Na Cynthia ni yule mlima wa mita 112. Ni neno la kwanza kabisa la kitabu cha kwanza cha Propertius.

---

Sista Du

Subirini kwanza. Cynthia??? Darasani kwetu walikuwepo watatu. Kwa hiyo wote ni mlima?

---

MsomaKale

Wote ni "wa mlima Cynthus", Sista, kupitia jina la sifa la Artemis. Waambie wasinune, umewahi kuwa mlima mtakatifu kuliko yote ya Cyclades.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Hapo pa "isitikisike" nina swali la kizushi. Eneo lile ni la matetemeko. Waliwezaje kudai kisiwa hakitikisiki?

---

MsomaKale

Walidai, na wanahistoria wawili wakubwa wakagongana papo hapo. Herodotus anasema Delos ilitikisika mara moja tu. Mwaka 490 KK kamanda wa Uajemi, Datis, alipita akakiheshimu kisiwa na kufukiza ubani talanta 300 (karibu tani 8 kwa kipimo cha Athens, jirani walifaidi). Alipoondoka ardhi ikatetemeka, ishara ya mabaya yajayo. Herodotus ananukuu na utabiri: "nitaitikisa hata Delos, ijapokuwa haitikisiki." Thucydides naye anasema ilitikisika muda mfupi kabla ya vita vya Peloponnesus, yaani miaka 60 hivi baadaye, na kwamba haikuwahi kutikisika kabla ya hapo. Kila mmoja anadai tetemeko lake ndilo la kwanza. Hadithi ya nguzo nne iliwabana hata watu wa ushahidi.

Kutotikisika hakukuwasaidia wenyeji. Mwaka 426 KK Waathens walifukua makaburi yote na kupiga marufuku kuzaliwa au kufa kisiwani. Mjamzito na mahututi wavushwe kisiwa cha pili, Rheneia. Mwaka 422 wakawafukuza wakazi wote, ingawa waliwarudisha baadaye. Mwaka 88 KK majeshi ya Mithridates, mfalme aliyepigana na Roma, yakaiteketeza, mwaka 69 maharamia wakamalizia.

Ndipo jina likageuzwa. Antipater wa Thessalonike, wakati wa Augusto, anakipa kisiwa sauti tena, kama ule wimbo wa zamani: heri ningeendelea kutangatanga na pepo zote kuliko kusimama nimpokee Leto, nisingekuwa na upweke huu wa kuulilia, meli ngapi za Wagiriki zinanipita! Na kwenye utabiri wa Sibyl, nabii wa kike wa kale, kuna mstari wa kucheza na majina matatu: Samos itakuwa *ammos*, mchanga, Delos itakuwa *adelos*, isiyoonekana, Roma itakuwa *rume*, kichochoro. Lile neno la Callimachus limerudi, ila sasa linaelekea upande mwingine. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, alilikumbuka, akasema Delos sasa si kitu, Samos ni mchanga, na Sibyl hakudanganya.

---

Chokaa

Na leo? Watu wapo?

---

MsomaKale

Walinzi na wanaakiolojia. Wafaransa wanachimba tangu 1873. UNESCO iliiorodhesha 1990. Wagiriki wa sasa wanatamka Dilos. Katikati hapo mabaharia wa Kiitalia waliwahi kuiandika Sdili, maana Wagiriki walikuwa wakiita Delos na Rheneia kwa pamoja kwa wingi, Diles, na herufi ya neno lililotangulia ikanasa mbele.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Kulala huko inaruhusiwa?

---

MsomaKale

Hapana. Boti zinatoka Mykonos asubuhi, na wageni wote wanarudishwa siku hiyohiyo.